Kisima na Choo: Jirani Wasiofaa Kukaribiana

Leo tuzungumze kuhusu maji ya kisima.

Mama mmoja aliniuliza kliniki: “Sista, maji yetu ni maangavu, hayana harufu. Mbona mwanangu haishi kuharisha?” Jibu liko chini ya ardhi.

Litazame jiwe la matumbawe tunalojengea nyumba. Lina vitundu, na pengine utaona kombe ndani yake. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita mwamba huo ulikuwa chini ya bahari. Wataalamu wa miamba hutueleza kwamba penye mchanga, maji hushuka polepole na kuchujika kiasi. Penye nyufa za matumbawe, hupita mbio bila kuchujwa. Kwa hivyo uchafu wa choo cha shimo cha jirani waweza kufika kisimani kwako. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, visima vya Kisauni vilipochunguzwa, vingi vilikutwa na vijidudu vya kinyesi. Vijidudu hivyo havionekani kwa macho.

Tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kuchimba choo au kisima, muulize afisa wa afya. Choo kiwe mbali, angalau mita 30, upande wa chini wa kisima, na shimo lisifikie maji. Najua viwanja vyetu ni vidogo, na penye nyufa hata mita 30 huenda zisitoshe. Ndiyo maana hatua ya pili ni lazima.

Pili, chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, kisha ngoja dakika 30. Yaweke katika chombo chenye kifuniko. Msimu wa mvua, vyoo vikifurika, zidisha uangalifu.

Tatu, kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi wala naitreti inayotokana na kinyesi. Naitreti ikizidi humdhuru mtoto mchanga. Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama pekee, hata maji asipewe.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya ORS, endelea kumnyonyesha, na umpeleke kliniki mapema. Akiwa mlegevu, macho yameingia ndani au kuna damu katika choo, usingoje kesho.

Mama, maji kuwa maangavu si kuwa salama.