Bugatti Haivuki Likoni

Magari karibu yote yanayoingia Kenya kwa meli hushukia Mombasa, yakapitia yadi za Changamwe, Jomvu na Miritini, ndipo yakapanda bara. Kwa hiyo watu wa Magongo na Mikindani huyaona kabla ya Nairobi. Mara mojamoja, katikati ya Vitz na Probox, hupita kitu kifupi chenye pua ndefu, kimefunikwa turubai juu ya lori, na vijana wa bodaboda wanaanza kubishana: lipi lina kasi kuliko yote duniani, lipi ghali, lipi limeuzwa zaidi. Ubishi huo una majibu na tutayataja. Lakini anayetaka kununua gari la spoti akalilaze Kisauni ana maswali mengine. Forodha itasemaje? Litashuka vipi kwenye feri? Na mwaka wa tatu, msisimko ukishapoa, litakuwa linakula kiasi gani?

Ghali kuliko yote

Mei 5, 2022, Mercedes-Benz 300 SLR ya umbo linaloitwa Uhlenhaut Coupé iliuzwa kwa euro milioni 135 katika mnada uliofanyiwa ndani ya makumbusho ya Mercedes mjini Stuttgart. Yalitengenezwa mawili tu, mwaka 1955. Hakuna gari lililowahi kufikia bei hiyo mnadani, na hakuna anayetarajia kuliona likitafuta pa kuegesha sokoni Kongowea.

Sisi wa huku gharama yetu ya kwanza si bei ya muuzaji, ni forodha. Mamlaka ya Mapato haisomi risiti yako. Ina orodha yake ya bei za magari mapya, hukata kiasi fulani kwa ajili ya umri na kodi zilizomo ndani ya bei hizo, na thamani inayobaki ndiyo inayotozwa. Tuseme thamani hiyo imetoka shilingi milioni 10, na injini inazidi sisi 3,000 za petroli. Ushuru wa kuingiza ni asilimia 35, tumefika milioni 13.5. Juu ya jumla hiyo, si juu ya zile 10, ushuru wa bidhaa nao ni asilimia 35: milioni 18.2. Juu ya hiyo tena, VAT ya asilimia 16. Ongeza ada ya tangazo la forodha, asilimia 2.5, na ya reli, asilimia 2. Gari la milioni 10 linatoka getini likiwa limekugharimu milioni 21.6 hivi. Umelinunua mara mbili na hujalitia hata mafuta.

Ndiyo maana tarakimu moja kwenye karatasi za gari ni ya kuchunguzwa kuliko nguvu za farasi zote. Porsche 911 Carrera ya kawaida, tangu matoleo yaliyotangazwa mwaka 2015, ina injini ya sisi 2,981. Zile sisi 19 pungufu zinaishusha kwenye ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 badala ya 35. Kwa thamani ileile ya milioni 10, jumla inakuwa kama milioni 20. Milioni moja na nusu na ushei imebaki mfukoni, na barabarani hakuna atakayejua. Ndugu zake Turbo na GT3, wenye injini kubwa zaidi, hawana bahati hiyo. Nissan GT-R ya lita 3.8 vilevile.

Halafu kuna umri. Gari lililotumika haliingizwi nchini likishapita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo anayeota Ferrari ya zamani ya bei nafuu kutoka Japani aendelee kuota, au atafute iliyokwisha kuingia.

Kasi kuliko yote

Agosti 2, 2019, Andy Wallace aliendesha Bugatti Chiron iliyotayarishwa maalumu kwenye uwanja wa majaribio wa Ehra-Lessien, Ujerumani, akafikia kilomita 490.484 kwa saa. Septemba 2025 rekodi hiyo ilipitwa na gari la umeme kutoka China, Yangwang U9 Xtreme la kampuni ya BYD, lililofikisha 496.22 huko Papenburg, pia Ujerumani. Kwa mwendo wa Wallace, mkondo wa Likoni wenye upana wa kama nusu kilomita ungevukwa kwa sekunde zisizotimia 4. Waliowahi kusimama kwenye foleni ya feri saa kumi na moja jioni wanaelewa utamu wa hesabu hiyo.

Bugatti yenyewe haitajaribu. Veyron na Chiron zote zilitengenezwa usukani ukiwa kushoto, na Kenya haisajili gari la mtu binafsi la usukani wa kushoto. Kikwazo hichohicho huwakuta wengi wenye jamaa Dubai. Polisi wa huko wana Veyron iliyoingia kwenye kitabu cha Guinness kuwa gari la polisi lenye kasi kuliko yote kazini, kilomita 407 kwa saa, na mitaani magari ya spoti yaliyotumika huonekana ya bei ya kuvutia. Uliza usukani uko wapi kabla ya kumtumia binamu pesa.

Hata ingeruhusiwa, tangi la Veyron ni la lita 100, na ikikimbizwa hadi mwisho wa nguvu zake huliramba kwa kama dakika 12. Ni takribani kilomita 80. Ukitoka Kisauni kuelekea Malindi, utakuwa umeipita Kilifi lakini Gede hujaiona, na umekwama. Sheria yetu kwa gari dogo ni kilomita 110 kwa saa kwenye barabara kuu na 50 mjini. Gari lolote la spoti linazimaliza hizo 110 kabla halijabadilisha gia ya tatu au ya nne, na kinachobaki ni mlio.

Kunywa kuliko yote

Swali la kwanza la kila mtu ni hilo: linakunywa? Ni swali la mwenye Vitz. Mwenye 911 anayekaa Kiembeni na kufanya kazi mjini hutembea kama kilomita 30 kwa siku. Gari hilo mjini hutumia takribani lita 13 kwa kilomita 100. Tukiweka petroli kwenye shilingi 180 kwa lita, mafuta yake ni kama shilingi 700 kwa siku, na Mombasa kwa kawaida bei ni nafuu kidogo kuliko Nairobi kwa kuwa bomba la mafuta linaanzia kwetu.

Sasa bima. Bima inayolipia gari lako mwenyewe, si la uliyemgonga tu, hukadiriwa kwa asilimia ya thamani. Ikiwa asilimia 4 tu, gari la milioni 20 linataka 800,000 kwa mwaka, ambayo ni karibu shilingi 2,200 kwa siku, hata siku linapolala chini ya mwembe. Mara tatu ya mafuta. Na kushuka kwa thamani kunaizidi bima. Likipoteza asilimia 10 mwaka huu, milioni 2 zimeyeyuka bila gari kugusa lami.

Serikali nayo iliwahi kulitupia jicho fungu hili. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipendekeza kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isizidi shilingi 100,000. Mwenye Vitz ya 800,000 angelipa 20,000. Mwenye gari la milioni 20 angelipa 100,000, yaani nusu ya asilimia moja. Pendekezo liliondolewa Juni 2024, na sikuliombolezea.

Chini kuliko yote

Gari fupi kuliko yote linaloweza kwenda barabarani ni Mirai, lililoundwa na wanafunzi wa sekondari ya Okayama Sanyo, Japani. Mwaka 2010 lilipimwa urefu wa sentimita 45.2 kutoka ardhini hadi juu. Ni mzaha wa kiufundi, lakini ndilo linalotuleta kwenye jambo linaloamua ndoa ya gari la spoti na bara ya Mombasa: nafasi iliyopo kati ya tumbo la gari na ardhi.

Pale Likoni bahari hupanda na kushuka. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3, na maji yakikauka mteremko wa kuingilia feri husimama. Lori linaguna na kupita. Gari lenye bampa refu la mbele lililoinama hadi upana wa kiganja kutoka chini hukwangua mara mbili, likiingia na likitoka. Baadhi ya magari haya huuzwa na kifaa cha kuinua pua, ambacho kwa kubonyeza kitufe huongeza sentimita 4 hivi mbele. Kwa anayekaa Timbwani au Mtongwe kifaa hicho si anasa. Ni cha lazima kuliko redio.

Ndani ya feri kuna jingine. Magari hupangwa kwa kubanana, na milango ya gari la milango miwili ni mirefu, haifunguki penye nafasi finyu. Huku abiria wa miguu wanapita pembeni na ndoo, makapu na mikokoteni. Rangi iliyolipiwa nyongeza Stuttgart itachorwa na ndoo ya samaki, na wa kulaumiwa hayupo.

Kuna njia ya kuikwepa. Barabara ya Dongo Kundu sasa inaunganisha upande wa Likoni na Miritini, ikipita juu ya madaraja ya Mwache na Mteza. La Mteza peke yake lina mita 1,440. Lami yake ni nzuri, na kwa gari la kulala chini mzunguko ule unafaa kuliko njia ya mkato. Tatizo ni mwisho wa safari. Ukitoka barabara kuu ukaingia Mtopanga, Bakarani au Chaani, unakuta matuta ambayo kila mtaa umejijengea kwa kipimo chake, na mvua za masika zinafunika mashimo maji yakalingana na barabara. Tairi la spoti lina ukuta mwembamba mno. Likiingia shimoni kinachoumia ni rimu. Fundi wa pancha wa Magongo ni hodari, lakini 911 haibebi tairi la akiba, hubeba chupa ya gundi, na matairi ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele kwa hiyo hayabadilishani. Tairi likipasuka Ijumaa jioni, gari linapumzika mpaka lingine lipatikane.

Na chumvi ya bahari haichagui. Breki za chuma zilizolala usiku mmoja karibu na ufuo wa Shelly huamka na kutu.

Lililouzwa kuliko yote

Mazda MX-5. Guinness iliitambua mwaka 2000, ilipofikisha magari 531,890, kuwa gari la spoti la viti viwili lililouzwa kuliko yote. Aprili 22, 2016, la milioni moja lilitoka kiwandani. Toleo la lita 1.5 lina uzito wa kama tani moja na linatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20. Si la kifahari. Buti lake la lita 130 hivi halimezi gunia, na mwenye familia atachagua nani abaki nyumbani.

Lililotembea kuliko yote

Hii ndiyo rekodi ninayoipenda. Mwaka 1966 mwalimu wa sayansi wa Long Island, Marekani, aitwaye Irv Gordon, alinunua Volvo P1800S, gari la spoti la milango miwili, kwa dola 4,150. Alikuwa akilitumia kwenda kazini, karibu kilomita 200 kwa siku kwenda na kurudi. Septemba 2013, likiwa Alaska, lilitimiza maili milioni 3, yaani zaidi ya kilomita milioni 4.8. Hakuna gari la mtu mmoja lililotembea zaidi ya hapo. Injini ilifunguliwa kwa mara ya kwanza kwenye maili 680,000. Siri yake ilikuwa oili, aliyoibadilisha bila kuahirisha. Ukigawa bei kwa kilomita, hakuna Mercedes ya mnada wala Bugatti inayomkaribia.

Lililoiweza barabara yetu

Kuna wanaosema gari la spoti haliwezi Afrika Mashariki. Datsun 240Z, yenye injini ya lita 2.4 na kiti cha dereva karibu kabisa na tairi la nyuma, ilishinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, ikarudia mwaka 1973 na Shekhar Mehta, aliyelingana alama na Harry Källström na kupewa ushindi kwa kuwa alikaa muda mrefu zaidi bila adhabu tangu kuanza. Siku zile mashindano yalikimbiwa kwenye barabara zisizofungwa, pamoja na mabasi na mifugo. Porsche ilikuja na 911 mara kadhaa bila kushinda. Mwaka 1978 iliinua magari yake hadi sentimita 28 kutoka ardhini, na Vic Preston Mdogo wa Kenya akamaliza wa pili.

Funzo lile kiwanda kililirudia mwaka 2022 kwa kutoa 911 Dakar 2,500, zilizoinuliwa milimita 50 na zinazoweza kuongezwa 30 kwa kitufe, injini ikiwa ileile ya sisi 2,981. Kwa bamvua ya Likoni hakuna gari la kifahari lililoandaliwa vizuri zaidi. Ila viti vya nyuma viliondolewa, na bei yake iko mbali.

Nikiulizwa, ningechukua 911 Carrera ya kawaida. Porsche husema zaidi ya asilimia 70 ya 911 zote zilizowahi kuundwa bado zinaweza kwenda barabarani, na ile ya milioni moja ilitoka Mei 2017. Ina viti viwili vidogo nyuma vinavyotosha watoto wa madrasa, buti la mbele la lita 132, na usukani wa kulia upo. Ningedai kifaa cha kuinua pua na rimu ndogo kabisa zinazoruhusiwa. Mwenye nusu ya pesa hizo achukue Mazda, aongeze Probox ya kwenda Kongowea, na zitakazobaki ziwe za spea.