Krediti Moja, Vipimo Vingi: Utaratibu wa Kuhamisha Masomo katika Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Utangulizi

Tarehe 20 Mei 2017, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliitangaza Jumuiya kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu. Kabla ya hapo, Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika mwaka 2010 ilikuwa imezitaka nchi wanachama zitambuliane sifa za kitaaluma. Kimsingi, mwanafunzi aliyeanza masomo Bujumbura anapaswa kuweza kuyaendeleza Kampala au Dodoma. Hata hivyo, haki hiyo hupitia ofisi ya msajili wa chuo, na huko swali la kwanza ni la hesabu: kozi alizokwisha kufaulu zina uzito gani? Makala haya yanaeleza kwa nini jibu hutofautiana, na nani hubeba gharama ya tofauti hiyo.

Vipimo vya krediti

Krediti ni kipimo cha kazi ya mwanafunzi, lakini kipimo hicho si kimoja. Nchini Uganda, krediti moja huhesabiwa kwa saa 15 za kukutana na mhadhiri. Nchini Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi yote: mihadhara, semina, mazoezi, kujisomea na mitihani. Mwaka mmoja wa masomo huko una krediti 120, kama ilivyo katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimechukua mfumo wa ngazi tatu uliotoka Ulaya, ambamo mwaka una krediti 60.

Kwa hiyo, krediti 120 humaanisha mwaka mmoja upande wa Rwanda, na miaka miwili upande wa pili wa mpaka, mjini Goma. Msajili anayelinganisha tarakimu peke yake humrudisha nyuma mwanafunzi wa Goma mwaka mzima. Ada, kodi ya chumba na muda wa mwaka huo hulipwa na familia yake, ilhali hakuna kozi aliyoshindwa. Kosa la upande wa pili nalo lina madhara: mwanafunzi anayetoka Rwanda huweza kuhesabiwa mwaka ambao hakuusoma.

Majina ya tuzo

Tatizo hilo limo pia katika majina. Nchini Kongo, katika mfumo wa zamani, lisansi ilipatikana baada ya miaka mitano, yaani mitatu ya graduat na miwili zaidi. Katika mfumo mpya, lisansi ni tuzo ya miaka mitatu. Vyeti viwili vyenye jina moja vinaweza kufika katika dawati moja vikiwa na uzito tofauti kabisa. Mfumo wa Sifa za Elimu ya Juu wa Afrika Mashariki wa mwaka 2015 husaidia kulinganisha ngazi za tuzo, lakini haumwondolei msajili kazi ya kuchunguza kozi moja moja.

Hitimisho na mapendekezo

Kinachoweza kulinganishwa kwa haki ni saa za kazi na matokeo ya kujifunza, wala si idadi ya krediti. Kwa msingi huo, hatua tatu zinapendekezwa. Kwanza, kila nakala ya matokeo ieleze krediti moja ya chuo husika ni saa ngapi, na saa hizo ni za darasani tu au za kazi yote. Pili, Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, lichapishe jedwali la ulinganifu na kulihuisha kila mfumo wa nchi unapobadilika. Tatu, chuo kinachokataa krediti kitoe sababu kwa maandishi na kumpa mwanafunzi nafasi ya kukata rufaa kabla ya muhula kuanza. Hatua hizi hazihitaji itifaki mpya. Zinahitaji kanuni za vyuo zilizoandikwa kwa namna ambayo mwanafunzi na msajili wataisoma kwa maana moja.