Hei si Nyasi Kavu Tu

Katika kufundisha msamiati wa kilimo huku Koboko, tumeona wanafunzi wakieleza "hei" kuwa ni nyasi kavu. Maelezo hayo hayatoshi. Hei hupatikana kwa kukata nyasi zinapoanza kutoa maua, kuzianika na kuzigeuza juani, kisha kuzifunga marobota zingali na ukijani. Waamish wa Marekani huivuna kwa mashine zinazokokotwa na farasi. Kwetu fyekeo latosha. Nyasi zilizojikaukia porini zimepungukiwa lishe. Kiangazi, Desemba hadi Machi, hukondesha maksai, na mvua za Aprili huwataka wakokote plau. Mkulima asiyeweka hei Novemba huchelewa kupanda. Basi, walimu wenzetu, tulifundishe neno pamoja na kazi yake.