BEI IKIPANDA, MAHARAGWE YABAKI CHUNGUNI

Mwezi wa Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha sana thamani ya faranga. Vitu vitokavyo nje vikapanda bei. Mwaka 2024 petroli na mazutu vikakosekana, na kusafirisha chakula kuingia na kutoka Bujumbura kukawa ghali. Familia yenye pesa ile ile ikalazimika kuchagua.

Sisi wajitolea wa afya tunajua uchaguzi huo unavyokwenda: kwanza inaondoka nyama, halafu ndagala, halafu mafuta ya kupikia, mwisho maharagwe. Unabaki ugali wa muhogo peke yake. Tumbo linajaa, lakini muhogo una protini kidogo sana, na mtoto hakui.

Ndugu wazazi, tufanye hivi:

- Maharagwe tusiyaache. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale. Yataiva upesi na makaa yatatumika kidogo.
- Ndagala chache zisagwe, zitiwe katika uji wa mtoto.
- Lengalenga na sombe zipikwe mara kwa mara. Sombe itwangwe na kuchemshwa sana.
- Muhogo mchungu usipunguziwe siku za kulowekwa. Sumu yake inaweza kupoozesha miguu.
- Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu.

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 akipimwa mkono ukaonekana chini ya milimita 125, au miguu yake yote miwili ikivimba, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje bei ishuke.