Kamba moja, watu watano: Tulivyogeuka nyuma Margherita

NI saa tisa na nusu usiku. Taa tano za kichwani zinamulika mwamba mweusi uliolowa, juu kidogo ya kibanda cha Elena, mita 4,541 kutoka usawa wa bahari. Mimi ni wa tatu kwenye kamba. Kichwa kinanigonga kama kinu, lakini sijamwambia mtu.

Nilizaliwa Bugoye, wilayani Kasese, karibu na mto Mubuku ambao leo unazungusha mitambo ya umeme. Niliondoka mwaka 1997, wakati waasi wa ADF walipoingia milimani na hifadhi ikafungwa hadi 2001. Huko Ulaya nilikoishi, kila nilipotaja kwetu niliulizwa kama nimewahi kupanda Rwenzori. Nilijibu "bado", kwa aibu. Sisi Wakonzo tulikua tukiitazama theluji, Nzururu, kwa mbali. Wazee walitufundisha kuwa huko ndiko anakokaa Kitasamba, wala si mahali pa kwenda kutembea.

Niliporudi nyumbani nilisema sasa basi. Tukatoka Nyakalengija tukiwa waongozaji wawili, binamu yangu, mimi na mama mmoja wa Bwera anayevusha bidhaa kati ya Mpondwe na Kasindi. Mama huyu alikuwa na sababu yake. Kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, kiko mpakani mwa Uganda na Kongo. "Nataka nisimame mguu mmoja huku, mwingine kule, na asiwepo wa kuniuliza karatasi," alituambia jioni ya kwanza tukiwa Nyabitaba. Tulicheka sana.

Hiyo ilikuwa siku ya tano. Msomaji asiyejua upandaji wa namna hii adhani ni kama kupanda ngazi. La. Mwamba ni mrefu kuliko kamba, hivyo hupandwa kipande kwa kipande. Mwongozaji hutangulia, akafika penye kijukwaa cha jiwe, akajifunga kwenye mwamba, kisha akawavuta wenzake mmoja mmoja. Wote wakishafika, kazi inaanza upya. Ukimaliza mwamba unafunga meno ya chuma chini ya buti na kuvuka barafu, mkiwa bado kwenye kamba ileile.

Kulipopambazuka mwongozaji alituonyesha jiwe tupu. "Hapa nilianza kazi nikikanyaga barafu," alisema. Mwaka 1906, Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alipofika kilele hiki kwa mara ya kwanza, barafu ya Rwenzori ilizidi kilomita sita za mraba. Leo haifiki hata moja. Palipokuwa na barafu ya kukanyagwa, leo kuna ngazi za chuma na kamba za kudumu.

Tulikuwa tumebakiza mwendo wa saa moja hivi. Tukasimama kwenye kijukwaa tujifunge. Nilifunga fundo langu, likafunguka. Nikafunga tena, likafunguka tena. Mama wa Bwera alikuwa nyuma yangu.

"Kaka yangu, jina la mama yako nani?" aliniuliza ghafla.

Nilichelewa kujibu. Akapaza sauti kumwita mwongozaji: "Huyu mtu si mzima!"

Nilikasirika. Nilisema ni uchovu tu, nimelipa pesa zangu, nimengoja miaka zaidi ya ishirini. Mwongozaji hakubishana nami. Aliniambia nitembee hatua kumi kando ya mwamba, nikiwa nimefungwa. Nikayumba kama mlevi. Ugonjwa wa mwinuko ukifikia hapo, dawa ni kushuka, na kushuka mara moja, ukipuuzwa unaua.

Binamu yangu aliuliza kama wengine wangeweza kuendelea. Mwongozaji alikataa. Mgonjwa alihitaji mtu wa mbele na wa nyuma, na kwenye barafu yenye nyufa kundi haligawanywi na mwongozaji mmoja mmoja. Tuligeuka sote.

Nilimtazama mama wa Bwera, nikijua nilichomnyima. Alikuwa ameinua macho kuelekea kileleni, kwenye mpaka wake usio na karatasi. Kisha akasema, "Mzigo ukizidi unaurudisha, unakuja siku nyingine. Sisi wa mpakani tumezoea." Alishuka nyuma yangu akinishika mkanda kila niliposita. Jioni, tulipofika Bujuku, kichwa kilikuwa kimepoa na nilikula ugali wote.

Nawaandikia wenzangu mliorudi nyumbani, na nyinyi mnaopita Kasese kila juma mkiwa na mizigo. Mlima huu si wa wageni peke yao. Mamlaka ya Wanyamapori Uganda huwatoza wananchi wa Afrika Mashariki ada pungufu kuliko mgeni wa mbali. Chagueni miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari au Juni hadi Agosti. Msifupishe siku za kupanda ili kuokoa fedha.

Na ukiumwa kichwa, sema mapema. Mimi nilinyamaza tangu Elena, kwa kuona haya mbele ya watu niliotaka wanione nimerudi mwanamume kamili. Maumivu yalikuwa yangu, lakini walioshushwa nayo ni watu wanne wengine.