Kabla ya Kupokea Ufunguo wa Chumba Mwanza

Hoteli ya bei ya kati Mwanza huwa ni jengo la ghorofa tatu hadi tano, mapokezi yenye vigae vinavyong'aa, mgahawa chini, ukumbi wa semina nyuma, na vyumba vya self vyenye televisheni na feni au kiyoyozi. Wageni wake ni watu wa semina, wafanyabiashara wa samaki na wa dhahabu ya Geita, ndugu wa wagonjwa waliolazwa hospitali ya Bugando, na watalii wanaolala usiku mmoja kabla ya kuelekea Serengeti kwa lango la Ndabaka. Wakifika mapokezi huuliza bei, intaneti, na kama chai ya asubuhi imo. Ni maswali halali. Ila mimi kazi yangu ni mifumo ya majengo ya wageni, yaani maji, umeme na unyevu, na ninaumia kuona mtu analipa fedha yake nzuri halafu anaoga maji baridi, analala kwenye chumba kinachonuka ukungu, asubuhi anaondoka akiamini hoteli zote za mji huu ziko hivyo. Mwanza ni mji wa mawe kando ya ziwa. Mawe na ziwa ndivyo vinavyoamua utalala vipi, na vyote viwili unaweza kuvikagua kwa dakika kumi kabla hujaandika jina lako kwenye kitabu cha wageni.

Tuanze na maji, maana ndiyo malalamiko makubwa. Watu hushangaa: ziwa lote lile, mabomba yanakaukaje? Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji umepanda vilima kutoka hapo. Kila tone la bomba lazima lisafishwe kisha lisukumwe kwa pampu kupanda mlima. Kwa miaka mingi mzigo mkubwa ulibebwa na mtambo wa Capri Point, na mamlaka ya maji, MWAUWASA, imeongeza chanzo cha Butimba kilichosanifiwa kutoa lita milioni 48 kwa siku. Hata hivyo mtaa ulio juu hubaki wa mwisho kupata maji na wa kwanza kuyakosa, kwa hiyo kila hoteli yenye akili ina matangi. Mtindo huu si wa kwetu peke yetu. Jiji la Mexico, lililo juu zaidi ya mita 2,200, nalo limejaa matangi kwenye mapaa kwa sababu hiyohiyo ya maji ya mgao.

Swali ni tangi limekaa wapi. Kila mita kumi za kimo kati ya tangi na bomba huzaa msukumo wa takriban baa moja. Tangi likiwekwa juu ya paa, chumba cha ghorofa ya juu kabisa kina mita mbili au tatu tu za kimo, wakati chumba cha chini kina mita kumi na zaidi. Ndiyo maana chumba chenye mandhari nzuri kuliko vyote, kile cha juu kinachotazama ziwa na ambacho hoteli hukitoza zaidi, mara nyingi ndicho chenye maji legevu kuliko vyote. Isipokuwa mwenye hoteli ameweka pampu ndogo ya kuongeza msukumo kwa ghorofa za juu, au amejenga mnara wa tangi kwenye mwamba ulio nyuma ya jengo. Wenye hoteli waliofanya hivyo nawasifu, maana mawe ya Mwanza ni minara ya bure na wajenzi wengi wanayapita bila kuyaona.

Msukumo mdogo haukunyimi maji tu, hukunyima na moto. Hoteli nyingi za daraja hili hazina boila ya pamoja. Zinatumia hita ndogo ya umeme iliyofungwa juu ya bomba la mvua. Ndani ya hita hiyo kuna swichi inayosukumwa na maji yenyewe. Maji yakipita kwa unyonge, swichi haisogei, na hita haiwaki hata ukibonyeza swichi zote za ukutani. Mgeni huita mhudumu, mhudumu huja na bisibisi, kumbe hita ni nzima.

Kinyume chake nacho hutokea, na hapa wengi tunajikosesha raha wenyewe. Ukifungua bomba hadi mwisho ukitafuta maji ya moto zaidi, unapata ya uvuguvugu. Hita ya kilowati 5.5 ikipitisha lita 3 kwa dakika hupandisha joto la maji kwa nyuzi kama 26. Ikipitisha lita 6, ni nyuzi 13 tu. Punguza bomba taratibu, subiri nusu dakika, maji yatapata moto.

Kuna jambo la hita ambalo sitaki lichukuliwe kwa wepesi. Hita ya bomba la mvua lazima iwe na waya wa ethi ulioungwa na nondo iliyozamishwa ardhini, ili umeme ukivuja uende huko usije mwilini mwako. Sasa mawe ya Mwanza ni matale, na tale kavu halipitishi umeme vizuri. Pia nondo haizami kirahisi pale unapokuta mwamba sentimita thelathini chini. Fundi mvivu anakata nondo fupi, anaichomeka kwenye kifusi, anaondoka. Fundi mzuri anatafuta udongo wenye unyevu hata kama uko mbali, anatandaza nyaya kadhaa, anapima kwa kifaa, na kwenye ubao wa umeme anaweka kikata umeme kinachohisi mvujo. Wewe mgeni huwezi kupima ethi, lakini mwili unapima. Ukigusa bomba ukasikia mtekenyo kwenye vidole, hata mdogo sana, toka bafuni, zima swichi ya hita, kawaambie mapokezi na uombe chumba kingine. Usiwakubalie wakikwambia "ni kawaida hiyo". Si kawaida.

Ukiwa hapohapo bafuni uliza swali moja zaidi, hasa kama hoteli iko ufukweni: "Dada, maji ya bomba hapa ni ya mamlaka au mnavuta ziwani?" Swali halina ubaya, na mhudumu anayejua kazi yake atalijibu bila kusitasita. Maji ya ziwa yasiyotibiwa yanaweza kubeba vimelea vya kichocho, vinavyotoka kwa konokono wa kwenye majani ya ufukweni na kuingia mwilini kupitia ngozi nzima isiyo na kidonda. Kanda ya Ziwa inaujua ugonjwa huu vizuri kuliko inavyopenda, na watafiti wa taasisi ya utafiti wa magonjwa, NIMR, na wa Bugando wameufuatilia kwa miaka mingi. Habari njema ni kwamba vimelea hivyo vikikaa nje ya mwili wa mtu au konokono havidumu: maji yakitulia ndani ya tangi siku mbili bila konokono, huwa vimekwisha kufa. Kwa hiyo hoteli inayovuta ziwani lakini ina matangi mawili ya kupokezana, moja linatulia huku lingine likitumika, na inatia klorini, haina neno. Hofu yangu ni ile inayosukuma maji moja kwa moja kutoka ziwani hadi bafuni. Na ukishawishika kuogelea mbele ya hoteli, fahamu kwamba vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali, mchana kati, na hupendelea maji ya kina kifupi yenye majani. Aliyeingia ziwani na akasubiri wiki sita hadi nane kisha akaenda kupima, amefanya jambo la busara. Tiba yake, prazikwanteli, ipo na inaeleweka.

Toka bafuni sasa, sogeza pazia. Majengo mengi ya mjini, kuanzia Capri Point hadi Isamilo na Bugando, yamechongewa nafasi kwenye mteremko, kwa hiyo upande mmoja una dirisha la kuangalia ziwa na upande wa pili unatazamana na mwamba, wakati mwingine mita moja tu kutoka ukutani. Vyumba vya nyuma huwa nafuu na wahudumu huvitoa kwanza. Wakati wa kiangazi havina shida kubwa, isipokuwa jiwe lililochomwa na jua mchana kutwa huendelea kutoa joto hadi usiku. Mvua zikianza, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei, maji hupita kwenye nyufa za mwamba na kutafuta ukuta. Angalia rangi ya ukuta karibu na sakafu, nyuma ya kitanda na chini ya dirisha. Ikiwa imevimba malengelenge au ina unga mweupe kama chumvi, huo ni unyevu, na manukato waliyopulizia mchana yatakwisha saa nne usiku. Mwenye pumu asilale humo hata kwa nusu bei.

Vyumba vya mbele vina faida ambayo haiandikwi kwenye orodha ya bei. Mchana ardhi ikipata moto upepo huvuma kutoka ziwani, usiku hugeuka ukatoka nchi kavu. Hali ya hewa ya Mwanza ni tulivu, mchana nyuzi 28 hivi na usiku hushuka chini ya 20, kwa hiyo chumba kinachopitisha hewa pande mbili hakihitaji kiyoyozi. Mimi huomba chumba cha feni chenye madirisha mawili na kuacha cha kiyoyozi chenye dirisha moja, nikalipa kidogo na kulala vizuri. Umeme ukikatika, jenereta za hoteli za daraja hili kwa kawaida hubeba taa, soketi na mapokezi, ila viyoyozi na hita huachwa. Anayetegemea kiyoyozi ataujua usiku huo kwa jasho. Na hakikisha dirisha lako halipo juu ya jenereta yenyewe.

Lakini ukifungua dirisha, angalia mwezi. Nasema hivi kwa uzito wote. Wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaoonekana kwa mbali kama moshi unaopanda kutoka majini, hukulia kwenye tope la chini ya ziwa na wengi wao huibuka kwa pamoja nyakati za mwezi mwandamo. Usiku huohuo wa giza ndio wavuvi wa dagaa wanatoka, kwa sababu taa zao hazishindani na mbalamwezi. Ukisimama kwenye kibaraza cha hoteli ukaona taa za dagaa zimetandaa ziwani kama mji wa pili, jua kwamba taa ya kibaraza chako nayo inawaita wadudu. Izime kabla giza halijaingia, funga mlango wa kibaraza, acha wazi dirisha lenye wavu tu. Hawang'ati wala hawaambukizi ugonjwa. Kuwapulizia dawa ni hasara. Asubuhi utafagia vilevile.

Mbu ni habari nyingine. Anayeleta malaria hung'ata usiku, na chandarua kisicho na tundu, kinachofika hadi chini ya godoro, kina thamani kuliko televisheni ya inchi yoyote. Kishushe ukague kabla hujakubali chumba. Ukikuta tundu omba kingine, hoteli yoyote ya maana ina vya akiba.

Kuhusu kulala ufukweni au mjini, mimi huchagua mjini kama nina kazi na ufukweni kama nina familia, ila ufukweni nauliza chumba kiko umbali gani na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na Mei 2020 tuliona sababu yake, ziwa lilipopanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964. Maji yaliingia kwenye bustani na majengo ya ufukweni kote kuzunguka ziwa, na yanapopanda hivyo, shimo la choo lililo karibu huchanganyika nayo. Chumba kilicho hatua chache kutoka mawimbini kinapendeza kwenye picha. Mimi nachukua kile cha juu ya ngazi.

Limebaki suala la fedha. Bei inayotajwa mapokezi iwe na VAT ndani yake: kwa kiwango cha kawaida, kwenye chumba cha shilingi 118,000, shilingi 18,000 ni kodi, na risiti ya EFD ndiyo ushahidi kwamba imefika inakotakiwa. Hoteli hizi zinaishi kwa semina, kwa hiyo Jumatatu hadi Alhamisi vyumba hujaa na bei husimama imara. Ijumaa washiriki wakishachukua posho na kuondoka, jengo huwa tupu, na hapo kuomba punguzo kwa adabu hakumvunjii mtu heshima: "Kaka, nikikaa hadi Jumapili mtanifanyia bei gani?" Muulize meneja kama yupo, maana wa mapokezi mara nyingi hana ruhusa ya kushusha.

Chakula cha jioni agiza mapema, wakati unapanda kuoga. Sato mzima hukaangwa baada ya kuagizwa, na jikoni lenye samaki wabichi kweli litakwambia dakika arobaini bila kuona haya. Likikwambia dakika kumi, uliza samaki amekaa wapi tangu asubuhi.