Fahali Wawili Zizi Moja: Kufuga Samaki Wala Samaki Katika Tangi Moja

Wahenga walinena kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Ni kweli, lakini wao walikuwa wakisema ng'ombe. Je, samaki nao? Wala sisemi wale wadogo wa rangi rangi wa kutazamia. Nasema wale wakubwa wa maji baridi, ambao chakula chao ni samaki wenzao. Je, waweza kuwekwa katika tangi moja la kioo wasimalizane? Jawabu langu ni kuwa waweza, lakini kwa masharti. Na mwenye kushindwa na masharti hayo aweza kuleta hasara kubwa kuliko anavyodhani.

Sisi watu wa Kilindini, ambao jina la mtaa wetu latokana na kilindi, twawajua changu, tafi, nguru na papa. Wa maji baridi wengi wetu twawaona sokoni tu, washakufa. Basi kwanza tujuane nao.

Wa kwanza ni mbuta, ambaye Tanzania humwita sangara. Huyu aweza kufika urefu wa karibu mita 2 na uzito wa kilo 200. Wa pili ni kambare, hana magamba, ana ndevu, na hutafuta chakula zaidi usiku. Wa tatu ni kamongo, mrefu kama mkunga, mwenye mapafu kama sisi. Akizuiwa kuja juu kuvuta pumzi hufa maji, samaki mzima! Wa nne yuko Ziwa Turkana, ana meno marefu yanayoonekana hata akifunga mdomo, na jina lake la kigeni humfananisha na chui milia. Huko Turkana mbuta na huyu mwenye meno wameishi ziwa moja tangu zama za zama. Nalo Ziwa Tanganyika lina aina nne za jamii ya mbuta, akiwemo mgebuka, na pia lina kuhe, ambaye ana urefu wa zaidi ya nusu mita. Kwa hivyo wakali hukaa pamoja. Siri yao ni nini?

Siri ya kwanza ni mdomo. Samaki mla samaki hatafuni kama sisi. Wengi wao humeza kitu kizima. Kinachoingia mdomoni ni chakula, kisichoingia ni jirani. Hawajali undugu: mbuta mkubwa hula hata watoto wa mbuta. Kwa sababu hiyo, wanaowekwa tangi moja lazima walingane kimo, na ni bora waingizwe siku moja wakiwa wangali wadogo. Anayekuja nyuma peke yake huwakuta wenzake washagawana mitaa, naye hufukuzwa kila pembe. Ikibidi kuongeza mgeni, hamisha mawe na magogo yote kwanza, ili wenyeji nao wawe wageni. Yule wa Turkana ana hatari yake, kwa maana meno yake hukata. Asiyeingia mdomoni mwake aweza kupoteza mkia.

Siri ya pili ni nafasi. Ziwani kila mmoja ana mahali pake: mwenye meno hupenda karibu na juu, mbuta hukaa chini yake, kamongo na kambare wako matopeni. Tangi nalo lapaswa kuwa na juu, kati na chini, pamoja na mapango ya kujificha mwenye kushindwa. Ziwani aliyeshindwa hukimbia. Kwenye kioo akimbilie wapi?

Sasa hebu tufanye hesabu, walimu wa hisabati watufurahie. Chukua tangi la urefu wa sentimita 200, upana 100 na kina 80. Zidisha, utapata sentimita za ujazo 1,600,000, yaani lita 1,600. Hiyo ni mitungi 80 ya lita 20 kutoka kwenye mkokoteni wa maji! Uzito wake ni kilo 1,600, bado hujahesabu kioo wala mawe. Wenye nyumba za Mji wa Kale, zile za dari ya boriti, wasithubutu kuliweka ghorofani. Na tangi lote hilo, mbuta wa mita moja akigeuka, pua iko ukuta huu na mkia ukuta ule.

Siri ya tatu ni maji yenyewe. Samaki akila nyama hutoa uchafu mwingi, na uchafu huo hutoa amonia, ambayo ni sumu kwake. Wako bakteria wazuri ambao hugeuza amonia kuwa nitriti, nayo pia ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao hukaa kwenye chujio, na huchukua wiki kadhaa kuzaana vya kutosha. Anayenunua tangi asubuhi na kutia samaki jioni ataokota mizoga. Hata chujio likiwa zuri, nitrati hujikusanya, kwa hivyo sehemu ya maji hubadilishwa kila wiki. Ukibadilisha robo ya lile tangi letu ni mitungi 20, kila wiki ya Mungu.

Na maji gani? Visima vingi vya kisiwani kwetu vina chumvi, havifai. Maji ya mfereji yana klorini ya kuua vijidudu, nayo huchoma matamvua ya samaki na kuua wale bakteria wetu wazuri. Yaache kwenye pipa wazi siku nzima au zaidi klorini itoke, au utie dawa ya kuiondoa. Tena joto letu la Mombasa si la mchezo, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Stima ikipotea na pampu ikasimama, mbuta ndiye wa kwanza kupaparika, kwa sababu ahitaji oksijeni nyingi. Kamongo na kambare watamtazama tu, wao huvuta hewa ya juu.

Siri ya nne ni chakula. Wape vipande vya samaki aliyekufa, wala si samaki hai, kwani wa hai huleta maradhi na kuwazoesha kuwinda ndani ya tangi. Tupia pande mbili ili mmoja asihodhi. Kilichobaki kitolewe kabla hakijaoza. Mwenye njaa humwona hata jirani wa kimo chake kuwa ni kitoweo, na aliyevimbiwa huchafua maji. Kiasi ndicho chema.

Sasa tufike penye uzito wa maneno haya. Kifaranga cha mbuta au cha kambare ni kama kidole. Anayekinunua hafikirii urefu wa mita mbili. Siku tangi litakapokuwa dogo, moyo wa huruma utamwambia, "Hebu nikamwachilie mtoni aishi." Huruma hiyo ndiyo hatari. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mbuta walitiwa Ziwa Victoria, ambako hawakuwako, ili wageuze samaki wadogo kuwa samaki mkubwa wa kuuza. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer aliandika kuonya, hakusikizwa. Kufikia miaka ya 1980 mbuta walikuwa wamejaa. Ziwa hilo lilikuwa na mamia ya aina za samaki wadogo waitwao furu, ambao hawapatikani pengine duniani, na wengi mno walitoweka. Furu walipopungua, mbuta waligeukia kamba, omena na watoto wao wenyewe. Kweli, biashara ilikuja, viwanda vya minofu vikafunguliwa Kisumu na Mwanza, na watu walipata riziki. Na baadhi ya furu wamerudi kiasi baada ya mbuta kuvuliwa sana. Lakini aliyepotea kabisa harudi. Ajabu ni kuwa aina nyingine za furu zimehifadhiwa katika matangi ya vioo huko Ulaya na Marekani. Mnyonge amefungiwa kioo kumkimbia mkubwa aliyeachiliwa!

Nasi tuna vya kulinda karibu. Ziwa Chala, kule Taveta mpakani, lina aina yake ya tilapia isiyopatikana kwingine, na wageni waliotiwa humo washaihatarisha. Mito ya Sabaki na Tana nayo ina wenyewe. Samaki wachache watosha kuanzisha msiba, na maji yakimwagika hayazoleki.

Basi anayetaka wakali wake wakae pamoja ajiulize kabla ya kununua: samaki huyu akiwa mkubwa nitamweka wapi? Kama hana jawabu, aanze na wadogo. Na kama amekwisha mfuga akamshinda, ampe mwenye bwawa lililozungukwa vyema, au amle. Naam, amle! Kambare wa kupaka kwa nazi ni mtamu, na mtoni hakutaingia kitu.